Cheti cha Mdogo Wangu

Nilicheza mpira wa kulipwa miaka tisa, na miaka yote hiyo jina lililoandikwa mgongoni mwangu lilikuwa la mdogo wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu kocha wa timu moja ya Dar es Salaam aliponiona Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye bonanza, nikifunga mabao matatu juu ya mchanga unaozamisha miguu. Alinipenda, ila alisema wazi kwamba klabu yake inatafuta vijana. Nilete cheti kinachosema kumi na minane.

Nikapanda milimani nyumbani, Mkumbi. Kwetu wengi tulikuwa tunahangaikia cheti cha kuzaliwa ukubwani, na ushahidi wetu ulikuwa cheti cha ubatizo kutoka parokiani. Mama aliviweka vyote kwenye kopo la biskuti. Nilipomweleza shida yangu alichambua, akanipa cha mdogo wangu, wa miaka kumi na minane, nikachukulie cheti cha kuzaliwa. Alisema sisi ni tumbo moja, karatasi isitugombanishe. Mdogo wangu mwenyewe alikuwepo, anapukuchua mahindi. Akacheka, akaomba nikifika nimtumie viatu vya mpira. Nikamtumia jozi mbili, nikajiona nimemaliza.

Kinachoniuma ni kwamba mchezaji hasa alikuwa yeye. Mimi nilikuwa na nguvu na kiburi. Yeye alikuwa anamsoma kipa, anauweka mpira pale anapotaka, tena bila haraka. Msimu wangu wa pili, timu moja ya Songea ikamtaka. Kwenye usajili wakakuta jina lake na tarehe yake vina mwenyewe tayari, na picha ni yangu. Angesema ukweli, ningefungiwa. Hakusema. Alinipigia simu kuniuliza afanye nini, nami nikamwambia avumilie, mkataba ukiisha tutalirekebisha. Mkataba ukaisha, nikasaini mwingine. Sikudanganywa na mtu, nilijua ninachofanya.

Mwaka jana goti lilinigomea kabisa, klabu ikaniacha, nikarudi. Nilimkuta shambani anachuma kahawa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha tangu nilipopanda basi, nikauomba wote, vibaya, huku nalia. Alinisikiliza mikono ikiendelea na kazi.

"Kaka, mechi zako tulikuwa tunazisikiliza redioni na majirani," alisema. "Ukifunga, mtangazaji anataja jina langu, na mama ananishika mkono. Nilikuwa nafurahi kweli. Kesho yake nakuja huku."

Akahamia mti mwingine. Mimi nilibaki nakumbuka siku ya kuagwa klabuni, jinsi viongozi walivyosikitika kwamba mshambuliaji wa miaka ishirini na saba, umri wa kufunga mabao, amemaliza mpira mapema hivyo. Mshambuliaji huyo alikuwa mbele yangu, mzima wa magoti yote mawili, anajaza kikapu.