Mashariki ya Shinyanga ni Kenya

Nilirudi shule nikiwa na miaka arobaini na moja. Ni madarasa ya jioni pale Shinyanga mjini, ya sisi tunaosomea mtihani wa maarifa, ule wa QT, kwa sababu sekondari ilitupita. Mchana nashona nguo mtaani Kambarage. Ikifika saa kumi na moja nafunga duka na kwenda kubanana kwenye dawati na vijana. Mwalimu wetu wa jiografia ana umri wa mwanangu wa kwanza. Tukikutana njiani ananipa shikamoo. Darasani akiingia, mimi ndiye ninayesimama.

Mwaka jana alitangaza shindano la jiografia. Madarasa yetu yangekutana na ya Geita, na wanne kati yetu wangechaguliwa kwenda. Niliitaka nafasi ile kuliko ninavyoitaka cherehani ya umeme. Kwenye harusi na misiba huwa nachaguliwa kila mara, lakini ni kwa ajili ya masufuria. Kwa ajili ya kichwa changu sikuwahi kuchaguliwa hata siku moja.

Swali la mazoezi lilikuwa hili: ukitoka mjini kwetu ukanyoosha moja kwa moja, utaingia nchi gani? Kaskazini, ukishavuka ziwa, ni Uganda. Magharibi Burundi. Kusini Malawi. Mashariki, darasa zima likaitika, "Bahari ya Hindi!"

"Vizuri sana," akasema mwalimu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, swali limeuliza nchi. Tangu lini bahari ikawa nchi?"

Wakacheka. Mwalimu akasema ndivyo majibu ya shindano yalivyoandikwa, kwamba mashariki tumepakana na bahari. Haya, Tanzania imepakana na bahari, lakini sisi hatukai Dar es Salaam. Nikatoa kwenye mkoba futi ya kupimia nguo, nikaenda kwenye ramani ya ukutani. Nilimwomba msichana ninayekaa naye dawati moja ashike ncha moja pale Shinyanga, nami nikavuta nyingine kulia, sambamba na mistari ya latitudo. Futi ikapita chini kidogo ya Arusha na Moshi, ikavuka mpaka, ikaja kugusa bahari Kilifi. Na Kilifi ni Kenya. Mpaka wetu wa kule umekatwa mshazari, basi.

Mwalimu aliifuata ile futi kwa kidole mpaka Kilifi. Kisha akanisogelea.

"Mama, uko sahihi," akasema kwa sauti ya chini. "Ila majaji wana karatasi yao. Ijumaa kwenye mchujo swali hili litakuwepo; andika bahari, nikupeleke Geita."

"Mayu, andika tu," msichana akanibembeleza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Twende wote."

Siku tatu nilishona huku nikibishana na cherehani. Nilipoachishwa shule niliambiwa nikubali tu, ndivyo mambo yalivyo. Nilipoolewa niliambiwa hivyohivyo. Sasa hata ramani, kitu ninachokiona kwa macho yangu mawili, nikubali tu? Hasira ilinipanda mpaka nikavunja sindano.

Ijumaa niliandika Kenya. Kwa kalamu ya wino, herufi kubwa.

Nilipata kumi na tisa kwa ishirini. Wanne walipata zote, na msichana wa dawati langu alikuwa mmoja wao. Mwalimu alinirudishia karatasi bila kuniangalia usoni, kosa jekundu likiwa limechorwa pembeni ya Kenya yangu. Walipoondoka kwenda Geita iliniuma, sitaki kudanganya. Asubuhi ile niliweka mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye gauni la mtu, ikabidi nifumue. Jumatatu jioni nilikuwa kwenye dawati langu kama kawaida.

Karatasi ile nimeibandika dukani, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione, na kosa lake jekundu. Mteja akiniuliza, namweleza. Asiyeuliza namweleza pia, tena kabla sijampima kiuno.