Kanga Zilizotoka Wodini

Siku niliyoripoti kazini Kamsamba, nilimkuta Matroni wa wilaya amekaa sakafuni anashona mto. Nikajisemea, makubwa haya, nimesomea ukunga nije kushona! "Karibu, binti," akasema. "Huu ndio mji wa uzazi. Kesho utaukanda mpaka mikono ife ganzi."

Hakuwa anatania. Enzi hizo bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya, vifaa vya kufundishia hatuna, basi yule mama alishona mfuko wa kitenge, akajaza pamba, akatufundishia huo huo. Kondo la nyuma likishatoka, mji wa uzazi hujikaza kama ngumi. Ukilegea, damu haikatiki. Unachoma sindano ya kuukaza, unaukanda juu ya tumbo. Damu ikikataa, unavaa glovu ndefu, ngumi moja ndani, mkono mwingine juu, unaubana katikati. Tulirudia jasho likitutiririka, na joto la kule mnalijua. Damu tulipima kwa kanga: ya pili ikilowa chepechepe, damu imezidi, anza kazi usingoje kuambiwa.

Mafunzo yakiwa yanaendelea, asubuhi moja binti mmoja akajifungua, uzazi wake wa kwanza. Nilimhudumia mtoto, nikageuka kutazama: kanga moja, tena imelowa kidogo tu. Nikashusha pumzi. Matroni akaitazama midomo ya mzazi ilivyopauka.

"Kanga nyingine ziko wapi?"

"Ni hii tu, Matroni."

"Kanda!" akaniamuru, akakimbilia uani.

Mama mkwe wa binti, aliyeingia naye wodini, alikuwa ameinamia beseni, maji mekundu. Kila kanga iliyolowa aliivuta kimya kimya, akatandika kavu. "Damu ya uzazi haianikwi machoni pa watu, mwanangu," alijitetea. Jamani! Alikuwa anamsitiri mke wa mwanawe, kumbe anamwua.

Mimi ningefoka. Matroni alimshika mkono. "Umemsitiri vizuri, mama. Sasa njoo umsitiri huku ndani, kila kanga tuione sote."

Tulichoma sindano, damu ikazidi. Nikavaa glovu, nikabana. "Usiachie," Matroni akaninong'oneza, "hata ukilia, lia umebana." Nililia kweli. Halafu mji wa uzazi ukaanza kuwa mgumu chini ya kiganja changu, damu ikapungua, ikakatika. Baadaye binti akafumbua macho, akauliza mwanawe yuko wapi. Mama mkwe akapiga vigelegele, beseni liko kiunoni.

Nimehamishwa Ibaba kwenye baridi, Saza kwenye machimbo, nikastaafia Tunduma nikiwa mkufunzi. Nimefanya kazi na mabosi wengi wenye vyeti vikubwa, lakini kama Matroni yule, sijaona. Kila nilipofundisha, viti vya mbele niliwapa mama wakwe na bibi za kijiji. Mganga Mkuu mmoja alikuja kukagua, akanuna.

"Sista, hawa wanafanya nini mbele ya wauguzi?"

"Damu huwa wanaiona kabla yetu, daktari," nilimjibu. "Nataka watuite."