Picha ya Mama Yao Ilifutika, Mimi Nikasema Iko Dar

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikianza na mengine: nikilaumu betri, nikilaumu umeme, nikilaumu waliotengeneza ile mashine. Leo sitaki. Nilikosa mimi, kwa akili zangu timamu, na walioumia ni watu wengine.

Padri nilishamwambia. Lakini padri nilimnong'oneza. Nyinyi nawaambia kwa sauti, jina langu tu ndilo naomba mniachie.

Nilikuwa mpiga picha Songea, pale Majengo. Studio sikuwa nayo. Nilikuwa na kamera ya filamu, kuukuu, nzito kama tofali, na baiskeli ya kunizungusha. Kipaimara, harusi, matanga, mtu na redio yake mpya, wote niliwapiga. Sikuwa tajiri, ila watoto walikula.

Basi zikaingia hizi za dijitali! Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yamejaa bidhaa za Dubai na China mpaka zinamwagikia barazani. Siku moja kwenye harusi ya mkubwa fulani akaja mpiga picha kutoka Dar na kikamera kidogo kinang'aa. Watu wote wakamzunguka yeye. Mimi na tofali langu nikabaki pembeni, hata soda nikasahauliwa. Nilirudi nyumbani nimenuna, mke wangu akaniuliza nani kafa.

Nikaamua na mimi lazima niwe nayo. Pesa sina! Nilichokuwa nacho cha kuuza ni ile kamera yenyewe.

Mzee Komba, aliyenifundisha kazi hii, nilipomweleza alitikisa kichwa. "Mlongo, ndugu yangu, kanunue hiyo mpya, sikukatazi. Lakini ya filamu usiuze. Kaa na zote mbili mpaka uijue hiyo nyingine tabia yake."

Nikamwona mzee amepitwa na wakati. Nikauza.

Dukani kwa Mkinga mmoja muuza vifaa vya umeme kulikuwa na kamera mbili za uwezo wangu. Moja ya mtumba, nyeusi, imechubuka pembeni, ina kadi ya kuhifadhia picha na kioo kidogo nyuma cha kuzitazama. Hiyo ingenimaliza mfukoni. Nyingine mpya, iko kwenye boksi lake, rangi ya fedha, nyepesi kama kopo tupu. Nyuma haina kioo, ina kidirisha tu kinachoonyesha namba ya picha ulizopiga. Bei yake nusu ya ile.

Nawaapia, yule bwana aliniambia. Nisije nikamsingizia hata siku moja!

"Kaka, mimi nauza zote, lakini nikueleze ukweli," alisema. "Hii ya bei ndogo haina kadi. Picha zinakaa humohumo ndani, na betri zikiisha tu, zote zinafutika. Ukipiga, siku hiyohiyo zihamishie kwenye kompyuta. Kama ni ya kazi, chukua hii iliyochubuka."

"Lakini hiyo mpya picha inatoka?"

"Inatoka."

"Basi nifungie hiyo."

Mnajua kwa nini? Kwa sababu ile iliyochubuka ingenifanya nionekane na kitu cha mitumba. Na kwa sababu chenji niliyobaki nayo nilishaipangia kazi: nilikwenda kwa fundi wa maandishi nikaandikiwa kibao kikubwa kama mlango, PICHA ZA DIJITALI. Betri zenyewe nikanunua za redio, zile za bei ya chini kabisa. Kibao kwanza! Ujinga gani huu, jamani?

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda. Nikipiga, napeleka kwenye duka moja la stationari lenye kompyuta na printa. Nyuso zilitoka zimefifia, utadhani watu wamepakwa unga wa sembe. Wateja wakilalamika nawaambia, "Ndiyo dijitali hiyo." Wanakubali, wanalipa. Uongo wangu ulianza hapo, mdogomdogo, na ukanizoea.

Sasa nakuja penyewe.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Zainabu, mtu wa Nalasi kule Tunduru. Mama yake alikuwa amekuja kwake kutibiwa, miguu ilikuwa ikimvimba. Siku moja mwalimu akanifuata ameshika barua mkononi.

"Kaka, nina shida na wewe. Kaka yangu Saidi alivukaga Msumbiji zamani sana, mimi bado nasoma. Tulijua ameshakufa. Leo imekuja barua yake kwa mkono wa msafiri. Yuko hai, ana mke na watoto, mpaka wajukuu. Anaomba kitu kimoja tu, tumtumie picha ya mama amwone alivyo sasa."

"Mbona dogo hilo, mwalimu?"

"Si dogo. Mama hajapigwa picha hata moja maisha yake yote, alikuwa hataki kusikia. Ila kwa Saidi amekubali. Amesema mwenyewe, niitieni huyo mtu kabla sijabadili mawazo."

Kesho yake asubuhi nikaenda uani kwao. Bibi alitoka amevaa kanga mpya doti nzima, amepaka wanja, anatembea kwa kushika ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hicho ndicho kitanipeleka Msumbiji?"

"Ndicho, bibi."

"Mbona kidogo hivyo? Mwili wangu huu wote utaenea humo?"

Tulicheka wote. Akakaa kwenye kigoda, akamwita mjukuu amrekebishie kanga, akaniuliza kama atazame upande au mbele. Nikampiga mara nane. Kidirisha kikaonyesha nane, nikaridhika. Nilimwambia mwalimu picha zitakuwa tayari kesho.

Nilipofika stationari, umeme hakuna. Songea ya wakati ule mnaijua! Jenereta la mji likigoma, limegoma. Nikasema kesho. Kesho yake nako hakuna. Pale misheni walikuwa na jenereta lao na kompyuta, ningekwenda kuwaomba robo saa tu. Sikwenda. Nilikuwa nazunguka na kamera yangu shingoni, nawasha, nazima, nawaonyesha watu taa yake ndogo ikimetameta.

Siku ya tatu umeme ukarudi. Yule dada wa stationari akachomeka waya, akangoja, akageuka.

"Kaka, humu hamna kitu."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Hamna hata moja."

Nikaichukua nikatazama kidirisha. Hakikuonyesha chochote. Nilipoweka betri nyingine kikawaka: sifuri.

Nikakaa chini pale pale.

Sikilizeni kwa makini, maana kosa lenyewe liko hapa. Betri kuisha ni bahati mbaya iliyochanganyika na ujinga. Kosa ni nililofanya baada ya hapo. Bibi alikuwa bado yupo! Yuko palepale kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, anangoja kurudi kliniki. Mzee Komba alikuwa na kamera yake ya filamu, na asingeninyima. Kilichotakiwa ni maneno machache tu: "Bibi, samahani, picha zimefutika, naomba ukae tena." Basi! Angenitania kidogo, tungemaliza.

Lakini ningeonekanaje? Mimi mwenye kibao kikubwa kama mlango? Na Mzee Komba ningemtazamaje?

Jioni mwalimu akaniuliza, "Vipi kaka, tayari?"

"Nimezituma Dar, mwalimu. Karatasi za hapa mbovu, nimetaka zikasafishwe vizuri."

Lilinitoka lenyewe, kama mtu mwingine ndiye aliyesema.

"Ahsante sana kaka, umetujali."

Ahsante! Mpaka leo nikiambiwa ahsante na mtu, kuna mahali panachoma.

Nikaanza kupita njia ya nyuma. Nikawa nawahi kutoka, nachelewa kurudi. Siku moja bibi aliniwahi, amekaa barazani anachambua mchicha.

"Baba! Sura yangu imeshafika Dar?"

"Imefika, bibi."

"Tazama dunia! Mimi mwenyewe Dar siijui, sura imenitangulia." Akacheka mpaka akakohoa.

Na mimi nikacheka naye. Mungu wangu, nilisimama pale nikacheka naye!

Alikaa wiki mbili na zaidi, kisha wakamruhusu arudi Nalasi. Asubuhi ya safari alipita mlangoni kwangu kuaga. Akaniambia picha zikija nimpe mwalimu azitume Msumbiji moja kwa moja, wasimsubiri yeye azione. Nikasema sawa bibi, safari njema.

Haukupita mwezi nikasikia kilio nyumba ya tatu. Sikuuliza. Nilijua.

Mwalimu alisafiri akakaa huko siku nyingi. Na mimi siku hizo zote nilikuwa natunga. Nitasema zimepotea njiani. Nitasema basi lilianguka. Nilikuwa nimeshachagua hilo la basi, namshukuru Mungu sikulisema.

Alirudi amekonda. Alikuja kwangu, hakukaa.

"Kaka, sikuja kukusumbua, najua Dar ni mbali. Nipe tu anwani ya hao watu. Nimeomba ruhusa shuleni, nimekopa nauli, nakwenda kuzifuata mwenyewe. Zile picha ndizo mama tuliyebaki naye."

Nikamwona kwenye kichwa changu, anazunguka Kariakoo na kikaratasi cha anwani ya uongo. Nikashindwa.

"Mwalimu, usiende. Hakuna picha Dar."

"Ziko wapi?"

"Hazipo. Zilifutika humu ndani kabla sijazitoa."

"Lini?"

"Siku ya tatu tangu nimpige picha."

Niliona midomo yake inahesabu.

"Siku ya tatu," alisema polepole. "Mama alikuwa hapo barazani. Kila siku alikuwa hapo barazani."

"Nisamehe, mwalimu."

"Kufutika ningekuelewa." Hakumalizia. Aligeuka akaenda zake, kanga ikiburuzika chini bila yeye kujali.

Afadhali angenitukana! Afadhali angeita watu!

Nilidhani hapo nimefika mwisho wa adhabu. Sikuwa nimefika.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nyumbani mchana, nikabishiwa hodi. Mwalimu Zainabu amesimama na mwanamume mrefu, ndevu nyeupe, viatu vimejaa vumbi la safari. Nilijua ni nani kabla hajasema. Nikajiandaa kupigwa. Kweli kabisa, nilitamani anipige.

Saidi akaomba maji, akanywa, akakaa.

"Kaka, sikuja kugombana," alianza. "Nimeshafika kaburini. Dada amenieleza yote. Nimekuja kwa sababu wewe ndiye uliyekaa mbele ya mama siku aliyojipamba kwa ajili yangu. Nieleze alivyokuwa."

"Alikuwa mcheshi, alicheka..."

"Hilo najua, mama yangu alikuwa mcheshi. Nieleze uso wake. Nilimwacha akiwa bado kijana. Alizeeka vipi? Alikuwa na mikunjo? Meno yalikuwepo? Macho yake yalikuwa yakiona?"

Nikafungua mdomo.

Jamani! Nilimtazama yule mama nusu saa nzima asubuhi kweupe, kazi yangu ilikuwa kutazama watu, na uso wake sikuukumbuka. Nilikumbuka kidirisha na namba yake. Nilikumbuka nilivyojiona nimesimama vizuri na kamera mpya. Yeye sikumwona.

"Sikumbuki uso," nikasema. "Nakumbuka aliyosema."

"Alisema nini?"

"Nilimwambia atulie, asicheke. Akasema hapana, anacheka, kwa sababu ukimwona amenuna utadhani bado ana kinyongo na wewe kwa kuondoka bila kuaga. Akasema, 'Na mimi sina. Nilishamaliza zamani.'"

Saidi alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Dada yake alimshika bega. Na mimi nimesimama kwenye nyumba yangu mwenyewe sijui nikae wapi.

Alipoinuka alinipa mkono. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama machoni.

Kazi ya picha niliiacha mwaka huohuo. Siku hizi nauza mbao. Mwalimu Zainabu alihamia shule nyingine kwa hiari yake. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, ananiuliza hali ya watoto. Hajanirudishia hata neno moja la lile jambo, na mimi kila nikimwona najifanya nimeangusha kitu, nainama kukiokota.

Wenye pesa ndogo mnaotaka kununua kamera, nunueni ile iliyochubuka inayofanya kazi, na msikilizeni mwenye duka anapowaambia ubaya wa kitu chake mwenyewe. Hilo ni la bure.

Lakini nimeandika kwa ajili ya mtu mwingine. Wewe ambaye umeharibu kitu cha mwenzako, yeye hajui, na unajiambia utamweleza wiki ijayo ukipata maneno mazuri. Maneno mazuri hayaji! Inuka uende sasa hivi ukiwa bado unatetemeka, umkute yupo. Aibu ya kukiri utaimaliza kwa robo saa. Hii ya kwangu naamka nayo kila siku.