Tiketi Moja ya Watu Watatu

Ilianza Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwenye kituo cha basi hapa Al Khoudh, mtaani kwetu huku kwa Waarabu. Tulikuwa wawili tu, mimi na bibi yangu. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa naitazama kila mara.

Nilitaka kuingia darasa la kuchora la likizo, mjini, asubuhi tatu kwa wiki. Fomu ilikuwa lazima ifike Jumapili kabla ya adhuhuri, na mama alikuwa hajaitia saini. Yeye na baba wako kazini asubuhi, kaka yangu pia, wa kunipeleka hakuna. Ijumaa usiku nikasema nitakwenda kwa basi. Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kwetu nyumba nzima hakuna aliyewahi kupanda basi.

"Weye? Weye unayejifungia chooni wageni wakija?"

Ni kweli, hujifungia. Lakini nilikuwa na jibu. Yapo makumbusho mjini, karibu na kituo cha mwisho, ambayo ukionyesha tiketi ya basi ya siku ile unaingia kwa nusu bei. Wanaigonga muhuri na kukurudishia, kwa hiyo muhuri ungekuwa ushahidi kwamba nimepanda basi na nimezungumza na watu. Nilimwonyesha mama tangazo lake kwenye simu. Akalisoma mara mbili.

"Haya," akasema. "Nenda na bibi yako kesho. Nataka kuziona tiketi zenu mbili, na muhuri juu yake, nijue mmefika, umeuliza na umejibiwa. Nikiziona, ntasaini. Nisipoziona, usinitajie basi tena."

Jumamosi ile basi lilikuwa bado halijafika, na pale kituoni akaja mwanamke mmoja wa makamo ya mama. Alitusikia tukizungumza.

"Kumbe Waswahili wenzangu! Nyie wa Unguja, eti?"

"Wa Unguja, mwanangu," bibi akajibu. "Na weye?"

"Sie wa Bara. Tabora."

"Ah, Tabora! Ndo maana unazungumza kama treni inapanda mlima."

"Afadhali sie tulikuwa na treni, mama. Nyie mlikuja na nini, maringo tu?"

Bibi alicheka, akampiga kibega, na mara wakawa kama wamekua nyumba moja. Basi likaja. Yule mwanamke akatangulia kupanda, akampa dereva pesa na kunyoosha vidole vitatu. Bibi akaanza: "Wallahi hulipi!" Naye: "Wallahi nshalipa!" Dereva akachapisha kikaratasi kimoja, tiketi moja ya watu watatu. Mwanamke akakitumbukiza ndani ya mkoba wake na kufunga zipu.

Nilikiona kile kikaratasi kikizama. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: "Mama, naomba hiyo tiketi, nna haja nayo." Tulikaa viti vya mbele, mimi nyuma yao. Nilikuwa na safari nzima mpaka Al Khuwair, alikokuwa anashuka yeye kwenda hospitali kumwangalia dada yake. Niliyapanga maneno kichwani kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, kisha tena kwa Kiswahili. Kila nikifungua mdomo, wao wanacheka jambo jingine. Nikaona haya pia: mtu kakulipia, halafu unamdai karatasi! Basi likasimama Al Khuwair, akambusu bibi kichwani, akashuka. Nilimwangalia kwa dirisha akitafuta kivuli, na mkoba wake begani.

Mpaka tunafika kituo cha mwisho nilikuwa nimeshaamua, na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilimwambia bibi akae kivulini, mie naenda kusoma saa za basi la kurudi. Nikenda kwenye pipa la taka. Tiketi zilikuwa zimejaa juu juu, watu wanazitupa wakishuka tu. Nikachukua mbili safi za siku ile ile, nikazifuta kwa buibui langu.

Nikamrudia bibi, tukaenda makumbusho. Nyuma ya kaunta alikaa dada mmoja kijana, mwenye uso wa kupendeza. Nilimpa zile tiketi bila ya kumwangalia. Akachukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino. Kisha akasoma kilichoandikwa, akatabasamu.

"Mmetokea Hail?" aliuliza kwa Kiarabu. "Hata mimi nakaa Hail. Nyie Hail ya Kaskazini au ya Kusini?"

Kumbe zile tiketi zilikuwa za watu waliopandia Hail, mtaa wa jirani na wetu. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani na muhuri.

"Kusini," nikasema.

"Karibu na msikiti mkubwa? Nyumba ya nani? Labda tunajuana."

Hakuwa akinipeleleza. Hapa ndivyo watu wanavyosalimiana, wanakuuliza mpaka wapate mtu mnayejuana naye. Nilikuwa natafuta jina lolote la mtu wa Hail, nilibandike, na nadhani ningelipata. Lakini bibi alikuwa kasimama ubavuni mwangu, na Kiarabu chake ni kizuri kuliko changu.

"Sisi wa Khoudh, binti yangu," akasema. "Hail hatuna mtu."

Yule dada akatazama tiketi, akanitazama mimi. Muhuri ukashuka polepole, ukarudi kwenye kisahani chake.

"Na hizi?"

Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: "Nimeziokota."

Hakunigombeza. Alizisukuma zikanirudia, kisha akataja bei kamili. Bibi akafungua pochi yake, akalipa, akashukuru. Tukaingia.

Siku nyingine bibi angezungumza na kila kitu mle ndani. Angesema birika hili tulikuwa nalo, mkufu huu alikuwa nao shangazi yako. Siku ile alipita sanduku baada ya sanduku la kioo, mikono nyuma. Mimi nyuma yake. Sikuona hata kitu kimoja.

Tukirudi, nilikata tiketi mimi mwenyewe, mbili, kila mtu yake. Tulipokaribia Khoudh ndipo bibi aliposema.

"Mama yako hatasikia kwangu."

Nilivuta pumzi. Akaendelea, hali anatazama barabara:

"Atasikia kwako, au hatasikia. Hilo lako."

Ilikuwa afadhali angenipigia kelele. Maana nilikuwa na tiketi mbili za kurudia, za kweli, za siku ile. Ningemwambia mama kwamba makumbusho wamesahau kugonga muhuri, na angeniamini. Jioni ile mama alikwenda arusini, akarudi nimeshalala. Yaani nililala macho wazi, lakini nililala.

Jumapili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mama alikuwa mezani anakunywa chai na mkoba wa kazi ubavuni. Bibi alikuwa anapaka mkate siagi. Mama akanyoosha kiganja.

"Tiketi ziko wapi?"

Nikaweka nne mezani, juu ya fomu. Nikasema hizi mbili ndizo zetu, za kurudia. Hizi mbili nimezitoa kwenye pipa. Nikamweleza yote, mpaka nyumba ya Hail ambayo haipo.

Mama alimwangalia bibi. Bibi alikuwa na mkate wake tu.

"Na yule dada, ulimjibu mwenyewe?"

"Nilimjibu uongo, halafu nikamjibu kweli."

Mama akazisogeza tiketi pembeni ya fomu. Kisha akachukua kalamu, akatia saini. Chini ya saini palikuwa na mstari mmoja mtupu: mwanafunzi atafikaje darasani. Akanisogezea fomu na kalamu.

"Hapo jaza weye. Ukiandika uongo, ntaichana."

Nikaandika "kwa basi".

"Na leo bibi yako atakwenda nawe kuipeleka," mama akasema akisimama.

"Bibi miguu inamuuma," nikasema.

"Miguu yangu mnaizungumza nyie," bibi akasema. "Mie sijasema kitu. Nitafutie viatu."

Nikamtafutia viatu. Tulipopanda basi nilitangulia mimi, nikamwambia dereva kwa sauti: "Tiketi mbili, mbali mbali."