Nani Kati Yetu Ni wa Nta

Fundi wa makochi hakai kwenye kiti kabla hajakibonyeza. Hata akiitwa ofisini kwa mkubwa, hutanguliza kiganja, akakandamiza sponji, akasikiliza springi zinasema nini, ndipo ashushe mwili. Mtaani wanamwita Bonyeza. Wanaomcheka hawajaona aliyoyaona yeye. Ujana wake wote amechana makochi ya watu na kukuta ya ndani: chini ya ngozi inayong'aa, maboksi yaliyokunjwa, chini ya maua ya dhahabu, nguo kuukuu, na kochi moja la maharusi lilijazwa majani makavu. Mtu aliyeyaona hayo haamini sura ya kitu, na sura ya mtu ndiyo haiamini kabisa.

Jumamosi mchana, kazi ikifungwa, karakana yake hugeuka uwanja wa mchezo. Ni mchezo wa mezani. Kila mtu ana mhusika anayemwigiza, mmoja ni mwongozaji anayesimulia dunia yenye mapango na wachawi, na pale penye bahati, dadu huamua. Mkewe ndiye aliyeuleta nyumbani. Sasa mwongozaji ni binti yao, anayefanya kazi duka la dawa. Shemeji, mdogo wa mkewe, fundi wa kuchomelea vyuma, anaigiza Mwizi. Mwalimu, jirani mstaafu aliyewahi kuwa kocha wa kukimbiza watoto wa watu uwanjani, anaigiza Askari. Bonyeza zamani alikuwa Mbeba Mizigo. Mkewe alikuwa Tabibu: mwanamke mkali, mwepesi wa matusi madogo madogo, mwenye mkoba wa dawa ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Mkewe alipofariki waliacha kucheza. Siku waliporudi, Bonyeza alisukuma pembeni karatasi ya Mbeba Mizigo, akavuta ya Tabibu, akaiweka mbele yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye Tabibu, kwa matusi yale yale na kwa kile kikohozi kifupi cha kuanzia sentensi, na kila Jumamosi mkewe anakuwa kama mtu aliyetoka mara moja dukani.

Sasa yamezuka mambo ya nta.

Mchawi wa pangoni, binti alisimulia, akipata unywele wa kiumbe hai hufinyanga nta, akaupulizia, na nakala ikasimama. Sura ile ile, sauti ile ile, kumbukumbu zote. Nakala yenyewe haijui kuwa ni nakala. Lakini mchawi akiita, itaitika. Na ina upungufu mmoja: haijifunzi. Inayajua yote ya hadi siku iliyofinyangwa, na baada ya hapo hakuna jipya linaloingia.

"Mlipolala pangoni," alisema, "mmoja wenu alibadilishwa. Hata mchezaji wake hajui. Jumamosi ijayo mtafika kwenye lango la mji. Nakala ikiingia, mchawi ataiita imfungulie. Mkitaka, mchomeni mnayemshuku kabla ya lango. Mkikosea, mmeua mwenzenu."

Kanuni ya meza yao ilijulikana: mhusika aliyekufa amekufa. Mkewe ndiye aliyeiweka.

Wiki hiyo Bonyeza alifanya kazi vibaya. Alimshuku Shemeji kwanza. Mwizi, tangu pangoni, alikuwa hajaiba kitu. Shemeji alipokuja kuunga mguu wa kiti, Bonyeza alimkazia macho mpaka cheche zikaisha.

"Unaniangalia kama nimekula mboga yako, shemeji."

"Mbona Mwizi wako amekuwa mtu mwema?"

"Ameokoka!" Shemeji alicheka, akavua miwani ya kazi. Kisha akaifuta kwa shati. "Wewe shughulika na Tabibu wako."

Neno hilo Bonyeza alilala nalo. Tabibu wangu ana nini?

Kisha akamshuku Mwalimu, kwa kuwa mtu asiye na neno la kushukiwa anashukiwa kwa hilo. Mwisho wa wiki shaka ilihamia nyumbani. Binti alikuwa jikoni anaosha vyombo, akauliza bila kugeuka, "Baba, mchezo huu ukiisha, Jumamosi utakuwa unafanya nini?"

"Kwani unaisha?"

"Nimeuliza tu."

Bonyeza alisimama na taulo mkononi. Akakumbuka jinsi binti anavyoinamisha uso kila Tabibu anapokohoa. Akaona, au akadhani ameona, mpango mzima: mchawi, nta, lango, vyote vimetengenezwa ili Tabibu afe mezani kwa kura halali, na baba yake arudi kuwa baba tu. Mtoto wangu mwenyewe, aliwaza. Ananichoma kwa adabu.

Jumamosi walikaa kwenye fremu ya kochi lisilovikwa nguo bado, mbao na mikanda mitupu. Binti alisimulia lango, mvua, na moto mdogo waliouwasha nje ya ukuta. Mwalimu akakohoa kama kocha.

"Dawa yake ni rahisi. Nakala haijifunzi. Basi kila mtu aseme, tangu pangoni amejifunza nini. Mwizi, anza."

"Nimejifunza kwamba kuiba hakuna pensheni," alisema Shemeji. "Na juzi Askari alinifundisha kufunga kidonda. Nilifunga vibaya, lakini nilifunga."

"Ni kweli. Mimi nimejifunza kuogopa. Kwenye daraja nilirudi nyuma, mliniona. Zamani nisingerudi." Mwalimu akageuka. "Tabibu."

Bonyeza alikohoa kile kikohozi kifupi. "Nyie watoto wa paka, mimi wa kuulizwa maswali? Nani aliwatoa homa? Mkishika mkoba wangu nitawakata vidole niwape kuku."

Hakuna aliyecheka.

"Hivyo ndivyo dada alivyosema," alisema Shemeji taratibu. "Mchezo wetu wa kwanza kabisa. Neno kwa neno, mpaka kuku."

"Ndiyo Tabibu alivyo."

"Ndiyo alivyokuwa. Tangu umchukue hajasema kitu ambacho sijawahi kukisikia. Samahani, shemeji. Sikusemi wewe. Namsema Tabibu. Kama kuna wa nta hapa, mimi kura yangu ni hiyo." Akainua mkono. Mwalimu alitazama mbao za kochi, kisha naye akainua wake nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

Bonyeza alimgeukia binti yake. "Umepanga hivi?"

"Mwongozaji hajibu swali hilo."

"Sikumuuliza mwongozaji."

Binti alizungusha dadu kwenye kiganja. "Sijui ni nani, Baba. Nilirusha dadu ndani ya kikombe, nikakifunika, mpaka leo sijafunua." Sauti yake ilikuwa kavu. Bonyeza aliitafuta ndani kama anavyotafuta maboksi ndani ya kiti, hakupata kitu, na hakuamini kuwa hakuna. "Mikono imeinuliwa. Tabibu anasemaje?"

Kila kilichomjia kilikuwa cha mkewe. Tusi la mkewe. Mzaha wa mkewe. Hata hasira iliyompanda ilikuwa na mkao wa mkewe, kidole juu. Kuyasema hayo ni kuinua ile mikono hadi mwisho. Na kusema jingine ni kumtoa mkewe, kwa mkono wake mwenyewe, pale kwenye kiti. Akaweka kiganja ubavuni.

"Naumwa," alisema Tabibu.

Shemeji alishusha mkono kabla hajajua ameushusha.

Mkewe hakuwahi kulitamka neno hilo, mezani wala nyumbani. Alilificha chini ya vicheko hadi hospitali ikalitoa kwa nguvu, wakati halina faida tena. Bonyeza aliendelea, na sauti haikuwa ya mkewe wala haikuwa yake. "Ubavu huu. Tangu pangoni. Nimewaficha. Nilidhani mkijua mtaniogopa." Akasukuma karatasi katikati ya meza. "Mwizi, fungua mkoba. Nitakuelekeza majani yapi. Mimi siwezi kuinama."

"Niuguse?"

"Uguse. Polepole."

Binti akauliza, na swali hilo halikuwemo katika kanuni yoyote ya mchezo, "Kwa nini hukusema mapema?"

"Sikujua namna," alisema Tabibu.

Mwalimu alishusha mkono wake kabisa, ila hakuacha kupepesa macho. "Lakini jamani," alisema, "nta haiwezi kuumwa? Sheria haijasema."

"Haijasema," alikubali binti, akifuta pua kwa kiganja. "Mnamchoma au mnaingia naye?"

Shemeji alirusha dadu ya kumtibu, akapata namba mbovu, akamwomba radhi Tabibu kwa kumfunga ubavu vibaya mno. "Tunaingia," alisema. "Wote watatu."

Wakaingia mjini, mmoja wao akiwa wa nta, na kikombe bado kimefunikwa. Askari alitembea nyuma ili awaone wote, Mwizi akatembea ubavuni mwa Tabibu ili amwone Askari, na Bonyeza, akijifunza mwendo wa mtu anayechechemea, aliwatazama mikono yao wote, na ya binti yake pia.