Mke Ambaye Wasomaji Walimkataza Kuondoka

Wasomaji wangu, wiki iliyopita nilisoma habari za msiba kwenye ukurasa wa marehemu mwenyewe, zimeandikwa na mdogo wake: msusi wetu wa hapa Mpanda, mtunzi wa simulizi za mtandaoni, ametutoka kwa homa ya siku chache, mazishi ni kwao Sibwesa. Nikashuka kwenye maoni nikitegemea kukuta pole. Loo! “Admin acha mbwembwe, shusha mzigo.” “Umeshatuweza, leta sehemu inayofuata.” Hawakuamini. Watunzi hawa wana mazoea: wakichelewa husingizia kulazwa. Kwa hiyo alipokufa kweli, watu walidhani ni mbinu ya kuwaongezea arosto, ile kiu ya kutaka kujua kinachofuata. Nilizima simu kwa hasira, kisha nikaiwasha tena kuangalia kama wameanza kuamini.

Nilimfahamu kwa sababu saluni yake ilipakana na duka la mke wangu. Alisuka mchana kutwa huku akisikiliza ndoa za watu, na mteja akitoka kwenda kunywa chai, yeye anashika simu na kuandika kwa kidole gumba. Alisomwa na watu wengi kuliko watakaoisoma safu hii hata nikiiandika miaka yote iliyobaki. Mimi niliyezeekea kwenye magazeti nilimwonea wivu, nikamuuliza siri yake. Akacheka. “Kaka, nyie mnamaliza habari palepale. Mimi nakata mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Kesho watarudi tu.” Akanisimulia kwa fahari kwamba kule Ikola kina mama wanaoanika dagaa humpa mwenzao mwenye simu kazi ya kuwasomea kwa sauti, na sehemu mpya isipotoka, wananuna siku nzima.

Simulizi iliyompa jina ilihusu mke anayepigwa, na ilikuwa imefika mahali pa mke huyo kufunga mizigo. Hapo mambo yakaharibika. Wasomaji walikuja juu: amsamehe, alee watoto, ndoa ni uvumilivu. Mtunzi akamrudisha jikoni, wakamsifu. Mume akapiga tena, mke akafunga tena, wakapiga kelele tena, akarudi tena. Jamani! Nilikuwa nasoma huku nagombana na simu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hayo sasa yalikuwa maji matupu. Nikamfuata saluni. “Dada, huyu mwanamke ataondoka lini?” Aliendelea kusuka bila kunitazama. “Nataka aondoke, kaka. Hata mimi nimechoka kumwona pale. Lakini akiondoka yeye, na wao wataondoka.” Na mimi nina wasomaji, na huwa nawaza watanichoka lini.

Sibwesa nilikuta watu wamejaa. Kina mama wa Ikola walikuja na kiroba cha dagaa kusaidia chakula cha msiba, na nadhani pia kuhakikisha kama kweli amekufa. Walilia kwa uchungu, si kwa kuigiza. Tulipotoka makaburini tukakaa mikekani, mmoja wao akashindwa kujizuia. Akamsogelea mama wa marehemu. “Mama, pole sana, utusamehe. Lakini yule mke, aliondoka au alibaki?” Niliona aibu utadhani nimeuliza mimi. Msibani! Nikajiandaa kumkemea, ila niseme ukweli, na mimi nilikuwa nimetega sikio.

“Aliondoka,” mama akasema. “Mwanangu alinisimulia tangu zamani mke huyo alivyochukua watoto wake, akapanga chumba, akaanza biashara yake. Hadithi yote alikuwa anaijua. Ila alikuwa anawaogopa nyie.”

Aliyeuliza alijifunika uso kwa kanga.

Tangu siku hiyo sijatulia. Vijana huniuliza njia ya kufanikiwa huko mtandaoni, na mimi huwaambia wajifunze kutia arosto, si dhambi. Lakini mwisho unaoujua uandike ungali na pumzi, wapende wasipende. Na sisi wasomaji, tunapopiga kelele kwamba mke abaki, tukumbuke kuna mwanamke anasoma maoni yetu akiwa amevimba uso kwa kipigo, anataka kujua kama kuna mtu hata mmoja atakayesema aondoke.