Mshumaa wa Nne

Wiki jana nilikuwa Mwingi, kwenye kaunta ya duka, nikingoja sukari. Mama mmoja alifungua leso akatoa mshumaa mnene uliopinda. Akamwambia mwenye duka, mzee wa Kisomali, kwamba huo ulikuwa wa nne kutengeneza, kwa nta ya nyuki na ubani wa duka lile.

"Washa uone, mzee."

Mzee akawasha. Ukatoa moshi, ukazimika. Mama akaketi juu ya gunia la mahindi.

"Mama mkwe amelala kitandani tangu mvua," akasema. "Moshi ya koroboi inamfanya akohoe. Nilitaka tu apate taa iko na harufu nzuri."

Mzee aliuvunja mshumaa, akauchungulia.

"Umetia ubani kama unga, mama. Umeziba utambi. Loweka ubani kwa mafuta, chuja, halafu tia hayo mafuta kidogo tu kwa nta."

"Nirudie tena?"

"Rudia."

Aliokota vipande kimoja kimoja, akafunga leso, akatoka polepole.

Tunaambiwa elimu haina mwisho. Hatuambiwi kwamba mwanafunzi huchoka, na bado lazima arudi jikoni.